Kicheko Ndani ya Nta

Mnamo mwaka 1890, abiria waliokuwa wakingoja vivuko kati ya New York na New Jersey walizoea kumkuta gatini mtu mmoja mweusi wa makamo akipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kupitishia wakati. Ulikuwa mnene na wenye nguvu, ukifuata wimbo noti kwa noti katikati ya makelele ya gati, na watu walisimama, wakacheka, wakatoa senti. Jina lake George W. Johnson. Alizaliwa Virginia mnamo mwaka 1846 au karibu na hapo, katika utumwa, na utotoni aliwekwa awe mwenzi wa mtoto wa mzungu mwenye shamba. Yule mtoto alipewa filimbi. Johnson hakupewa. Alikaa karibu naye, akasikiliza, akarudia kwa midomo yake kila alichopuliza mwenzake. Huo ndio uliokuwa uanafunzi wake wa muziki.

Huyu ndiye mtu mweusi wa kwanza nchini Marekani kupata jina kubwa kwa njia ya sauti iliyorekodiwa. Louis Armstrong hajazaliwa, Bessie Smith hajazaliwa, na sauti ya Johnson tayari ilikuwa ikisikika katika baa na vituo vya treni vya miji asiyowahi kuikanyaga. Na wimbo uliompa jina hilo uliitwa "The Whistling Coon".

Neno la mwisho katika jina hilo lahitaji maelezo. Ni kifupi cha jina la rakuni, mnyama mdogo wa Marekani mwenye manyoya meusi kuzunguka macho kama aliyepakwa masizi, anayetoka usiku kuiba kuku na mahindi. Wazungu walilichukua jina la mnyama huyo wakambandika mtu mweusi, na sifa zote za mnyama zikamfuata mtu: weusi, wizi, kujificha, kuwindwa. Kufikia miaka ya 1890 tusi hilo lilikuwa limekuwa jina la aina nzima ya nyimbo. Makampuni ya rekodi yalizitangaza katika katalogi zao bila kuona haya, sambamba na nyimbo za dini na muziki wa bendi. Katika makala haya nitaziita nyimbo za rakuni, na lile neno la Kiingereza nitaliacha pale tu linapokuwa sehemu ya jina la wimbo.

Nimemsikiliza Johnson mara nyingi. Kwanza unasikia mkwaruzo mzito, kama mafuta yanayochemka kikaangoni, kisha mtu anatangaza jina la wimbo kwa sauti ya juu kama mnadi. Piano inaingia, kavu na ya mbali. Halafu Johnson. Katika wimbo wake wa pili mashuhuri, "The Laughing Song", anasimulia habari za mtu anayepita njiani huku watu wakimtaja kwa maneno ya kuidhalilisha rangi yake na umbo lake, naye anaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kiitikio. Amekipanga juu ya wimbo, kinapanda na kushuka na piano, kila "ha" imekaa kwenye mpigo wake, na bado kinasikika kama kicheko cha mtu aliyeshindwa kujizuia. Mara ya kwanza nilijikuta natabasamu kabla sijayashika maneno. Nilipoyashika, tabasamu likakatika, na nikabaki na swali ambalo mpaka leo sijaliacha: yule mtu anamcheka nani?

Ili kulijibu yabidi turudi kwenye chumba alichoimbia.

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, akiitarajia iwe chombo cha ofisi, cha bosi kusomea barua zake ili karani aziandike. Biashara hiyo haikwenda. Kilichoiokoa mashine ni mlevi mwenye sarafu. Mwaka 1889 baa moja ya San Francisco iliweka fonografu inayofanya kazi kwa kutumbukiza senti tano. Unaweka mirija masikioni, unasikiliza wimbo wa dakika mbili. Mashine za namna hiyo zikaenea, na ghafla makampuni yaliyokuwa yakiuza vifaa vya ofisi yakawa yanatafuta nyimbo, tena nyimbo za kuchekesha. Wawakilishi wa makampuni mawili, Charles Marshall wa New York na Victor Emerson wa New Jersey, walimwona Johnson gatini. Wakampa senti 20 kwa kila wimbo wa dakika mbili.

Senti hizo hazikuwa rahisi. Wakati huo hapakuwa na njia nzuri ya kunakili silinda ya nta. Mwimbaji alisimama mbele ya mabaragumu ya mashine tatu au nne zilizopangwa mbele ya uso wake, akaimba, na akimaliza kulikuwa na silinda tatu au nne tu. Zikihitajika nyingine, aliimba tena. Sauti ilipaswa iwe kubwa na wazi, maana sindano ilichonga nta kwa nguvu za pumzi tu, bila umeme. Waimbaji wengi hawakuweza, koo liliwakauka. Johnson aliweza. Inasemwa kuwa zipo siku aliuimba wimbo uleule zaidi ya mara 50. Hebu tulifikirie hilo kwa mwili wa mtu: kujitukana mara 50 kwa siku, na kila mara kucheka kicheko kilekile, kwa mizani ileile, bila kukosea, ili wateja wapate furaha ileile. Kufikia mwaka 1895 nyimbo zake mbili zilikuwa miongoni mwa rekodi zilizouzwa kuliko zote Marekani. Inakadiriwa kuwa katika miaka hiyo zilitoka silinda kati ya 25,000 na 50,000 zenye sauti yake, na hakuna hata moja iliyopatikana bila yeye kusimama na kuimba.

"The Whistling Coon" hakuutunga yeye. Mtunzi wake ni Sam Devere, mzungu mpiga banjo wa maonyesho ya minstreli. Hapo ndipo lilipo shina la jambo hili. Tangu miaka ya 1830, Thomas Dartmouth Rice alipojipaka masizi ya kizibo kilichochomwa na kucheza kama mtu mweusi kiwete kwa jina la Jim Crow, Marekani ya kaskazini na kusini ilikuwa na burudani moja kuu: wazungu wenye nyuso zilizopakwa masizi na midomo iliyochorwa mikubwa, wakiigiza watumwa wavivu, wenye furaha, wasio na akili. Walibeba banjo, chombo kilichotokana na ala za Waafrika waliotekwa, wakakitumia kuwakejeli wajukuu wa waliokileta. Jina la yule kiwete wa jukwaani ndilo baadaye zililopewa sheria za ubaguzi. Wimbo ulitangulia, sheria ikaja nyuma yake.

Nyimbo za rakuni zilikuwa mtoto wa minstreli, ila mtoto aliyezaliwa katika wakati mkali zaidi. Mtumwa wa minstreli alikuwa mjinga wa kuchekwa. Mtu mweusi wa nyimbo za rakuni yuko huru, yuko mjini, na kwa hiyo ni wa kuogopwa: mkononi wembe, begani kuku wa wizi, mdomoni tikiti maji, mfukoni kete za kamari. Picha hizo zilirudiwa wimbo baada ya wimbo, jalada baada ya jalada. Na zilirudiwa katika miaka gani? Mwaka 1892 peke yake, kwa hesabu zilizokusanywa na chuo cha Tuskegee, watu weusi 161 waliuawa na makundi ya watu waliojichukulia sheria mkononi. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson kuwa mabehewa tofauti kwa weusi na weupe ni halali. Mwaka uleule wa 1896 wimbo wa rakuni uliovuma kuliko zote ulichapishwa.

Mtunzi wa wimbo huo, "All Coons Look Alike to Me", alikuwa mtu mweusi. Aliitwa Ernest Hogan, mzaliwa wa Bowling Green, Kentucky. Nakala za karatasi zake za muziki zinasemwa kupita milioni moja. Hogan alipata fedha na jina. Lakini lile jina la wimbo lilitoka jukwaani likaingia barabarani. Mzungu aliyetaka kumchokoza mtu mweusi hakuhitaji kufungua kinywa kutukana. Alipiga mluzi wa wimbo huo tu, na ugomvi ukaanza. Baadhi ya waimbaji weusi walioutumia walilibadilisha neno lile wakaimba jingine lisilo na uchungu. Inasimuliwa kuwa Hogan mwenyewe aliujutia mpaka kufa kwake mwaka 1909.

Na wimbo ulimrudia kwa namna isiyosahaulika. Usiku wa tarehe 15 Agosti 1900, ghasia zilizuka upande wa magharibi wa Manhattan, makundi ya wazungu yakiwavuta watu weusi kutoka kwenye magari ya abiria na kuwapiga, polisi wakiwemo miongoni mwa wapigaji. James Weldon Johnson, mwandishi na mtunzi wa nyimbo, ameandika kuwa kundi lile lilikuwa likiita kwa majina watu weusi liliowajua: Hogan, Williams na Walker, Cole na Johnson (si Johnson wetu wa kicheko). Hawakuyajua majina mengine. Waliwajua wale waliokuwa wakiwachekesha jukwaani, na usiku ule waliwataka wawapige.

Huyo Williams aliyeitwa ni Bert Williams, mzaliwa wa Nassau, Bahamas, aliyeanza kurekodi kwa kampuni ya Victor mwaka 1901 pamoja na mwenzake George Walker. Williams alikuwa maji ya kunde, mwenye elimu na mapenzi makubwa ya vitabu. Ili akubalike jukwaani ilimbidi ajipake masizi ya kizibo kama mzungu wa minstreli, na ajifunze lahaja ya watu weusi wa kusini ambayo kwake ilikuwa ya kigeni kabisa. Lakini sikilizeni rekodi yake ya "Nobody" ya mwaka 1906. Maneno yaliandikwa na Alex Rogers, muziki ni wake. Tusi limepungua mpaka karibu kutoweka, na mahali pake ameketi mtu mchovu anayeeleza polepole jinsi asivyopata msaada kwa yeyote. Pumzi zake zina hesabu. Ananyamaza pale mwingine angeimba. Masizi hayaonekani kwenye silinda, na pengine ndiyo maana Williams wa rekodi anasikika mtu zaidi kuliko Williams wa picha. Nampenda mwimbaji huyu, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Wapo wengine wanaosema: kama weusi wenyewe walitunga na kuimba, ubaguzi uko wapi? Hoja hii huletwa kila mara, na haina miguu. Mlango uliofunguliwa kwa msanii mweusi wakati huo ulikuwa mmoja, mfupi, wa kuingilia kwa kuinama. Kwaya za weusi zilizotaka kuimba nyimbo za kiroho kwa heshima zilikuwapo, na chache zilirekodiwa. Fisk Jubilee Singers, waliokuwa wameimba mbele ya watawala wa Ulaya tangu miaka ya 1870, waliingia studio ya Victor mwaka 1909 tu. Wakati huohuo sehemu kubwa ya nyimbo za rakuni iliimbwa na wazungu walioigiza sauti za weusi. Arthur Collins, mzungu wa Philadelphia, alijenga maisha yake yote juu ya uigaji huo, na rekodi yake ya "The Preacher and the Bear" ya mwaka 1905 iliuzwa kwa miaka na miaka. Mnunuzi wa rekodi alipelekewa nyumbani sauti ya "mtu mweusi" iliyotengenezwa na mtu asiye mweusi. Kwa familia nyingi za mashambani zisizokuwa na jirani mweusi hata mmoja, hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yao.

Msomaji wa pwani yetu ataikumbuka alama ya mbwa anayesikiliza baragumu. Victor wa Camden, New Jersey, na Gramophone Company ya Uingereza waliitumia wote wawili, na ni kampuni hiyo ya Uingereza iliyomrekodi mwimbaji wa Zanzibar Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Siti naye alitoka katika ukoo wa watumwa, naye alitungiwa nyimbo za kumkebehi sura yake. Tofauti ni kwamba alipofika mbele ya baragumu aliimba kwa lugha yake, kwa ajili ya watu wake walioelewa kila fumbo, na majibu yake kwa waliomtukana yalikuwa mashairi. Johnson alipofika mbele ya baragumu, aliowaimbia ni wale waliomtukana. Ukizisikiliza rekodi hizi mbili jioni moja utaelewa jinsi mashine moja inavyoweza kumpa mtu kimo au kumpokonya, kutegemea nani amesimama upande wa pili wa baragumu.

Maendeleo ya ufundi ndiyo yaliyommaliza Johnson. Kuanzia mwaka 1902 hivi, makampuni yalipata njia ya kumimina silinda kwenye kalibu, maelfu kutokana na wimbo mmoja ulioimbwa mara moja. Mtu ambaye thamani yake ilikuwa ni kuweza kurudia bila kuchoka hakuhitajika tena. Alikuwa ameshapita pia katika msiba mzito: mwaka 1899 alishtakiwa kwa mauaji ya mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Wazungu aliofanya nao kazi ya kurekodi walimchangia fedha za wakili, na mahakama ikamwachia. Mmoja wa wenzake wa zamani, mwimbaji Len Spencer, baadaye alimpa kazi ya kuwa bawabu katika ofisi yake. Mtu aliyekuwa akisikika Marekani nzima akawa anafungua milango. Alifariki dunia New York tarehe 23 Januari 1914 akazikwa katika makaburi ya Maple Grove, Queens, bila jiwe la kuonyesha alipolala.

Kilichofuata kinaonyesha vizuri jinsi kimya kinavyofanya kazi. Miaka ikapita, na wakusanyaji wa rekodi za kale wakawa wanasimuliana kuwa Johnson alinyongwa kwa kumuua mkewe. Hakuna aliyekwenda kutazama. Wimbo ulikuwa umeshamwita mhalifu, kwa hiyo kifo cha mhalifu kilimkaa. Uongo huo ulidumu mpaka mtafiti Tim Brooks alipofukua kumbukumbu za mahakama, sensa na vifo, akauonyesha uongo kuwa uongo. Kitabu chake, "Lost Sounds", kilitoka mwaka 2004, na ndani yake Johnson ni mmoja tu kati ya wasanii wengi weusi waliorekodi kabla ya mwaka 1920 na kusahauliwa. Mwaka uliofuata kampuni ndogo ya Archeophone ilitoa rekodi zenyewe katika diski mbili, matusi yakiwemo, pamoja na maelezo marefu ya nani aliimba, kwa nini, na alilipwa nini. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2007.

Kwa nini hazikutolewa mapema zaidi? Sababu moja ni sheria. Rekodi hizi zilifungwa katika hakimiliki ya muda mrefu mno, hata zile ambazo kampuni zake zilikuwa zimekufa zamani, na ni tarehe 1 Januari 2022 tu ndipo rekodi zote za Marekani zilizotoka kabla ya mwaka 1923 zilipokuwa mali ya umma. Sababu ya pili ni aibu. Makampuni hayakutaka ionekane yalitajirika kwa kitu gani. Wapenzi wa muziki wa zamani walipotengeneza mikusanyo yao walichagua waltzi na bendi, wakayaruka yale mengine, na picha iliyobaki ni ya Marekani tamu, yenye mabustani na baiskeli, isiyokuwa na mtu mweusi ndani yake. Aibu ya namna hiyo haimhifadhi aliyetukanwa. Inamhifadhi aliyetukana.

Maktaba zimechukua njia nyingine. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara kimeweka maelfu ya silinda kwenye intaneti, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua mwaka 2011 hazina iitwayo National Jukebox, yenye rekodi zaidi ya 10,000 za Victor. Zote mbili zinamwonya msikilizaji kuwa baadhi ya atakayoyasikia yanadhalilisha watu, na hazijayafuta. Mwaka 2013 "The Laughing Song" iliingizwa katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa. Naliona hili kuwa sawasawa. Hoja ya kuzifuta naielewa, na anayeitoa kwa uchungu wa wazazi wake sitamwita mjinga. Lakini tusi na mtu viko katika mfereji mmoja wa nta. Sindano haiwezi kupita kwa mmoja ikamwacha mwingine. Ukiifuta silinda ya Johnson umeufuta ushahidi wa kosa, na pamoja nao umefuta kitu pekee kilichobaki cha mtu aliyejifunza muziki kwa kusikiliza filimbi ya mwenzake.

Kuhifadhi, hata hivyo, si kuadhimisha. Hapa ndipo Wamarekani walipochelewa sana. Jimbo la Virginia, alikozaliwa Johnson, lilichukua mwaka 1940 wimbo "Carry Me Back to Old Virginny" uwe wimbo rasmi wa jimbo. Uliandikwa mwaka 1878 na James Bland, naye mtu mweusi wa minstreli, na ndani yake mtumwa mzee anatamani kurudi shambani kwa bwana wake. Soprano Alma Gluck alikuwa ameurekodi kwa Victor na kuuza mno. Mwaka 1970 Douglas Wilder, mtu mweusi wa kwanza kuingia seneti ya jimbo hilo tangu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, alisimama katika hotuba yake ya kwanza akaomba wimbo huo uondolewe. Hakusikilizwa. Akaja kuwa gavana mwaka 1990, na bado wimbo ulikuwa mahali pake. Uliondolewa katika nafasi hiyo mwaka 1997. Miaka 27 kuomba usiimbiwe kuwa babu yako aliufurahia utumwa.

Kentucky ilishtuliwa na wageni. Mwaka 1986 wanafunzi kutoka Japani walifika kwenye bunge la jimbo na, kwa heshima ya wenyeji wao, wakauimba wimbo rasmi wa huko, "My Old Kentucky Home" wa Stephen Foster, kwa maneno yake ya asili, neno la dharau kwa weusi likiwemo. Waliimba walivyofundishwa. Mbunge mweusi Carl Hines alikuwapo. Aliwasilisha azimio la kubadilisha neno hilo katika shughuli rasmi, likapita.

Halafu kuna magari ya aiskrimu. Kwa miongo mingi watoto wa Marekani wamekimbilia barabarani kwa sauti ya "Turkey in the Straw", wimbo ambao katika karne ya 19 ulibebeshwa maneno ya minstreli, na ambao mwaka 1916 mzungu Harry C. Browne aliurekodi kwa kampuni ya Columbia ukiwa na matusi mazito kuhusu watu weusi na matikiti maji. Muziki ule ulibaki, maneno yakasahaulika, na mtoto mweusi akawa anaupokea kwa furaha bila kujua. Mwaka 2020 kampuni ya Good Humor ilimwomba mwanamuziki RZA wa Wu-Tang Clan atunge muziki mwingine kwa ajili ya magari hayo, akautunga. Hakuna aliyepoteza chochote. Rekodi ya Browne bado iko maktabani kwa anayetaka kujua. Muziki wake hauna tena sababu ya kufika mlangoni kwa mtoto anayetaka aiskrimu. Hivi ndivyo ninavyotaka mambo haya yafanywe.

Mapambazuko ya muziki wenyewe yalikuja mapema kuliko ya serikali. Agosti 1920 mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya OKeh, watu weusi wakainunua kwa wingi, na makampuni yakagundua kuwa mtu mweusi naye ni mteja. Mwaka uliofuata Harry Pace, naye mtu mweusi, akaanzisha kampuni yake ya rekodi mjini New York. Lakini hiyo ni hadithi inayosimuliwa sana, na nafasi hii nimeitenga kwa waliotangulia.

Narudi kwenye swali langu: Johnson anamcheka nani? Nimesikiliza nikitafuta dalili ya uchungu katika kile kicheko, na sitadai kuwa nimeipata. Kuna wanaosikia mtu aliyevunjika, kuna wanaosikia mtu anayewapumbaza wanaomlipa. Mimi nasikia fundi akifanya kazi yake, kwa umakini ambao ule wimbo haukuustahili. Ndiyo sababu nakuomba, msomaji, ukiikuta rekodi hiyo usiicheze kama kichekesho mbele ya watu, na usiikatize pia. Isikilize ukiwa umeketi, ukilijua jina lake.

Mwaka 2014, miaka mia moja baada ya mazishi yake, George W. Johnson aliwekewa kibao cha ukumbusho katika makaburi ya Maple Grove.